Uwanja Mtupu, Gharama Zile Zile: Jinsi Klabu za Madaraja ya Chini Zilivyojikimu Bila Mashabiki

Baada ya michezo kuruhusiwa kurejea mapema Mei 2021, mkazi aliyepita karibu na uwanja wa mtaa siku ya Jumamosi alisikia filimbi ya refa na sauti ya kocha akimkaripia beki wa kushoto, lakini hakusikia ngoma wala vuvuzela. Geti lilikuwa limefungwa. Mashabiki hawakuruhusiwa kuingia kwa sababu ya kanuni za kuzuia Covid-19, na vijana waliozoea kuketi juu ya ukuta walitakiwa washuke. Mama aliyekuwa akiuza viazi karai na mabuyu karibu na lango hakuwa na mteja.

Swali lililokuja haraka lilikuwa hili: ikiwa hakuna aliyelipa kiingilio, timu ilitoa wapi nauli ya kwenda ugenini wiki iliyofuata?

Jibu litawashangaza baadhi ya wasomaji. Kwa klabu nyingi za madaraja ya chini nchini Kenya, kiingilio hakikuwa kikilipa nauli hata kabla ya korona. Janga halikuzinyima klabu hizo mapato makubwa ya mlangoni, kwa sababu hazikuwa nayo. Lililofanyika ni kwamba mifuko michache iliyokuwa ikizibeba kimyakimya ilikauka kwa wakati mmoja, huku gharama zikipanda. Mkazi anayetaka kusaidia timu ya mtaani kwake, au anayeuliza kwa nini kaunti isitoe pesa tu mambo yakaisha, anafaa kuanza hapo.

Ngazi ya ligi na historia fupi ya mwaka mmoja na ushei

Juu kabisa ya ngazi ya soka ya Kenya kuna Ligi Kuu ya Shirikisho la Kandanda nchini (FKF). Chini yake kuna Ligi ya Kitaifa ya Supa, kisha Divisheni ya Kwanza, Divisheni ya Pili, ligi za kanda, na mwishowe ligi za kaunti na kaunti ndogo. Kadiri unavyoshuka ndivyo ua unavyopotea. Mechi nyingi za chini huchezwa katika viwanja vya shule au vya umma ambavyo havina ukuta, na mtu husimama kando ya mstari akatazama bure. Palipo na lango, kiingilio huwa ni Sh50 au Sh100, na nusu ya watu huingia kwa kusema wanamjua mchezaji.

Kisa cha kwanza cha virusi vya korona nchini kilitangazwa Machi 13, 2020. Katika siku chache zilizofuata ligi zilisimamishwa, na Aprili 30 FKF ikatangaza msimu umekwisha, Gor Mahia wakitawazwa mabingwa wa Ligi Kuu. Ligi hiyo ilianza tena Novemba 28, 2020 bila mashabiki. Machi 26, 2021 michezo yote ikasimamishwa kwa mara ya pili, na ruhusa ya kurejea ikatolewa Mei 1.

Kwa klabu yenye mishahara na mdhamini, kusimama na kuanza upya ni usumbufu. Kwa klabu ya daraja la chini ni karibu kuundwa upya. Mchezaji wa daraja hilo kwa kawaida hana mshahara. Hupewa marupurupu ya mazoezi na ya mechi, na mechi zikisimama marupurupu nayo husimama. Wengi ni waendeshaji bodaboda, vibarua wa mjengo, mafundi au wanafunzi. Kafyu ilipunguza safari za boda, mijengo ilisimama, na baadhi yao walirudi mashambani kwao. Mpango wa serikali ya kitaifa wa Kazi Mtaani, ambao awamu yake ya pili ililipa mfanyakazi wa kawaida Sh455 kwa siku, uliwalenga vijana wa mitaa ya makazi duni, yaani vijana wa rika lile lile linalojaza orodha za timu hizi. Ligi iliporejea, kocha alikuta kipa yuko Busia na mshambuliaji ana zamu ya usiku.

Uingereza walilia kwa sababu nyingine

Ili kuelewa tatizo la hapa, yafaa kutazama kwanza mahali ambapo kiingilio kweli ndicho kilichokuwa uhai wa klabu. Nchini Uingereza, klabu za madaraja ya tatu na ya nne hazipati pesa nyingi za televisheni kama zile za Ligi Kuu. Hutegemea tiketi, chakula na vinywaji vinavyouzwa siku ya mechi, na matangazo ya maduka ya mjini yanayobandikwa kuzunguka uwanja. Viwanja vilipofungwa, pesa hizo zilikatika siku moja, lakini mikataba ya wachezaji iliendelea kudai.

Ndiyo maana Juni 2020 klabu za madaraja hayo mawili zilipiga kura kumaliza msimu bila kucheza mechi zilizobaki, kwani kucheza bila watu kungezigharimu zaidi ya kutocheza. Serikali yao ililipa asilimia 80 ya mishahara ya wafanyakazi waliosimamishwa kazi kwa muda, kwa kiwango kisichozidi pauni 2,500 kwa mwezi, na wachezaji wa klabu ndogo walikuwa miongoni mwa walionufaika. Desemba mwaka huo, klabu za Ligi Kuu zilikubali kutoa pauni milioni 50 kwa madaraja hayo mawili. Hata hivyo si wote waliopona. Macclesfield Town, klabu iliyoanzishwa 1874 na ambayo ilikuwa na madeni tangu kabla ya janga, ilivunjwa na mahakama Septemba 2020 kwa deni la zaidi ya pauni 500,000.

Kuna klabu mbili za Ulaya ambazo mbinu zao zinastahili kusimuliwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu hazikuhitaji utajiri. Moja ni Lokomotive Leipzig ya Ujerumani, iliyokuwa ikicheza daraja la nne. Mwaka 1987, ikicheza nusu fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya dhidi ya Bordeaux ya Ufaransa, ilijaza uwanja kwa watu wapatao 120,000. Baada ya korona kufunga viwanja, ilitangaza mechi ya Mei 8, 2020 dhidi ya "adui asiyeonekana", yaani virusi. Hapakuwa na timu wala mpira. Tiketi iliuzwa kwa yuro moja, na lengo lilikuwa kuvunja rekodi ile ya 1987. Ziliuzwa zaidi ya tiketi 180,000.

Nyingine ni Marine, klabu ya karibu na Liverpool iliyokuwa ikicheza daraja la nane. Januari 10, 2021 iliwakaribisha Tottenham Hotspur katika Kombe la FA, siku ambayo kwa kawaida ingeleta mapato ya miaka kadhaa kwa alasiri moja. Mashabiki hawakuruhusiwa. Klabu ikauza tiketi za kufikirika kwa pauni 10, sawa na takriban Sh1,500 wakati huo, na mnunuzi akaingia katika bahati nasibu ambayo zawadi yake ilikuwa kuiongoza timu kama kocha katika mechi ya kirafiki. Zaidi ya tiketi 30,000 zilinunuliwa, wanunuzi wengi wakiwa mashabiki wa Tottenham wenyewe. Marine walifungwa 5-0, lakini walipata takriban pauni 300,000.

Waliolipa katika visa vyote viwili hawakununua kiti wala mchezo. Walinunua nafasi ya kusema kwamba klabu hiyo isife. Hilo ndilo linaloweza kuchukuliwa kutoka huko na kuletwa hapa. Mengine, kama vile ruzuku ya mishahara na pauni milioni 50, hayana mlango wa kuingilia Kenya.

Hapa kwetu, mfuko mmoja

Klabu nyingi za Kenya hulelewa na mfuko mmoja. Mfuko huo unaweza kuwa wa kampuni, wa shirika la serikali, wa mfanyabiashara anayependa mpira, wa serikali ya kaunti au wa mwanasiasa. Mambo yakiwa mazuri mpango huu hauna kelele: mfadhili hupigiwa simu Ijumaa, gari hupatikana Jumamosi. Ubaya wake ni kwamba siku mfuko huo ukitoboka, hakuna wa pili.

Ushahidi ulikuwepo kabla ya janga. Chemelil Sugar na SoNy Sugar zilikuwa klabu za viwanda vya sukari, na viwanda vilipolemewa na madeni, timu nazo zililemewa. SoNy ilifukuzwa Ligi Kuu mwishoni mwa 2019 kwa kukosa kufika uwanjani mara tatu. Chemelil ilishuka daraja msimu huo huo. Hizo hazikuwa klabu za kijijini, zilikuwa za Ligi Kuu. Agosti 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa, iliyokuwa katika mvutano na serikali kuhusu kodi na leseni, iliondoa udhamini wake katika michezo nchini, na hata Gor Mahia na AFC Leopards zikajikuta zinapitisha bakuli kwa mashabiki.

Korona ilipoingia, hali hiyo ilienea kila daraja. Mfanyabiashara mwenye hoteli hakuwa na wageni. Mwenye matatu alikuwa na deni la benki. Serikali za kaunti, ikiwemo hii, zilielekeza fedha kwa vitanda, oksijeni na vifaa vya kujikinga, na vifungu vya michezo vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kupunguzwa. Huo haukuwa uamuzi wa kumfurahisha mwanamichezo, lakini ni vigumu kumpata mkazi ambaye angetaka uwe vinginevyo.

Huku mfuko ukikauka, matumizi hayakupungua. Chukua safari moja ya kawaida. Klabu ya Mombasa inayokwenda kucheza Nairobi husafiri takriban kilomita 480 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Msafara wa wachezaji 18 na maafisa wanne ni watu 22. Kabla ya janga, matatu mbili za abiria 14 ziliwatosha, na mipira na jezi zikapata pa kukaa. Kanuni za wakati huo ziliruhusu matatu ya abiria 14 kubeba wanane pekee. Watu 22 wakahitaji matatu tatu. Mwenye gari hakupunguza bei kwa sababu viti vimeachwa wazi, kwani mafuta yalikuwa yale yale na dereva alikuwa yule yule. Kwa hivyo gharama ya safari ile ile ilipanda kwa nusu yake.

Kisha kulikuwa na kafyu. Mechi inayoanza saa tisa alasiri humalizika karibu saa kumi na moja. Kutoka Nairobi hadi Pwani ni mwendo wa saa nane au zaidi, na saa nne usiku timu ingekuwa bado njiani. Njia zilikuwa mbili: kulala Nairobi, ambako watu 22 walihitaji vitanda na chakula cha jioni, au kuomba mechi ichezwe asubuhi, jambo lililomaanisha kusafiri siku moja kabla na bado kulala. Juu yake kulikuwa na vipimo, vitakasa mikono, kipimajoto cha langoni, ambulensi na walinzi wa siku ya nyumbani. Ambulensi isipofika, mechi haianzi.

Katika hali hiyo ndipo hesabu ya mechi tatu hutisha. Klabu isipofika uwanjani, mpinzani hupewa alama tatu mezani. Ikirudia hadi mara tatu, huwa imekaribia mlango wa kutoka. Klabu iliyopanda kwa miaka mitano kutoka ligi ya kaunti ndogo inaweza kurudi mwanzo kwa kukosa nauli za mwezi mmoja. Vijana wake hawapotezi alama tu. Hupoteza sababu ya kuamka saa kumi na mbili asubuhi kwenda mazoezini, na kila mzazi katika mitaa yetu anajua ni nani huwa tayari kuwachukua vijana wasio na pa kwenda.

Pesa za FIFA zilifika wapi

Wakazi wengine wamesikia kwamba FIFA ilitoa mabilioni, na hiyo ni kweli. Mwaka 2020 shirikisho hilo la dunia liliidhinisha mpango wa dola bilioni 1.5, ambapo kila shirikisho la taifa kati ya 211 lingeweza kupata ruzuku ya dola milioni moja, pamoja na dola 500,000 za soka ya wanawake. Lakini fedha hizo zilipitia kwa shirikisho la taifa, si kwa klabu, na zilitakiwa kushughulikia mashindano, timu za taifa, uendeshaji na mengine. Hata zingegawanywa kwa haki kamili, klabu ya Divisheni ya Pili ilikuwa mwisho wa foleni ndefu. Katibu wa klabu aliyepanga bajeti ya mwaka akitegemea fungu hilo alijenga juu ya mchanga.

Lipo fungu jingine la FIFA ambalo halizungumzwi sana, na ambalo klabu ndogo huenda ikalipata bila kumwomba mtu. Mchezaji akihamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine kwa ada, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, klabu iliyomlea hupata asilimia 0.25 ya ada. Kwa kila msimu wa miaka 16 hadi 23, hupata asilimia 0.5. Klabu iliyokuwa na kijana kwa misimu miwili akiwa na miaka 16 na 17 inadai asilimia moja. Ada ikiwa dola milioni moja, hiyo ni dola 10,000, yaani zaidi ya Sh1 milioni. Wakenya wanahamishwa: Januari 2021 Michael Olunga alitoka Kashiwa Reysol ya Japani kwenda Al-Duhail ya Qatar.

Sharti ni rekodi. Klabu inayodai lazima ionyeshe kwamba mchezaji alisajiliwa kwake rasmi, na kwa tarehe gani. Timu nyingi za mtaani huandika majina kwenye daftari ambalo hupotea katibu akihama. Pengine hakuna hasara ya kizembe kuliko hiyo katika soka yetu.

Waliosimama walisimamaje

Klabu zilizovuka kipindi hicho zikiwa na afya kidogo zilifanana katika jambo moja: zilikuwa na watu wengi waliotoa kidogo, badala ya mtu mmoja aliyetoa kingi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tuseme klabu ilizoea kupata watu 150 wanaolipa Sh50 katika mechi 10 za nyumbani. Hizo ni Sh75,000 kwa msimu, kabla ya kumlipa mkata tiketi na mlinzi, na kabla ya wale wanaomjua mchezaji. Sasa tuseme klabu hiyo hiyo ina wanachama 200 wanaotoa Sh50 kila mwezi. Kwa mwaka ni Sh120,000, na hakuna geti. Mwanachama wa namna hiyo hulipa hata uwanja ukiwa mtupu, hata mvua ikinyesha, hata akiwa amehamia Doha au Jeddah kutafuta riziki. Klabu za Pwani zina watoto wengi wa mtaa walioko Ghuba, na wengi wao hufuatilia matokeo kwa simu.

Simu ndiyo iliyofanya hili liwezekane. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Desemba 2020, Benki Kuu iliondoa ada za kutuma pesa kwa simu kwa kiasi kisichozidi Sh1,000. Baada ya hapo ada zilirudi, lakini kumtumia mtu hadi Sh100 kwa M-Pesa bado ni bure. Mchango wa Sh50 haulipiwi nauli.

Ila kuna mahali mambo huharibika: nambari inayotumiwa ni ya mweka hazina mwenyewe. Pesa za timu huchanganyika na pesa za unga, si kwa wizi lazima, bali kwa sababu mwezi ni mrefu. Baada ya miezi mitatu mtu huuliza, jibu huchelewa, na michango hukoma. Klabu inayotaka kudumu hufungua akaunti ya benki kwa jina lake, yenye watia saini watatu, huiunganisha na nambari ya Paybill, na kila mwisho wa mwezi hubandika hesabu kwenye kundi la WhatsApp la wanachama: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mashabiki wa soka ni wakali kwa kocha, lakini humsamehe anayewaonyesha risiti.

Wengine wamegeukia kazi. Chama cha Vijana cha Mathare (MYSA) kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1987 kilijulikana kwa kuunganisha ligi na usafi: timu zilizosafisha mtaa zilipata alama kwenye jedwali. Wazo hilo lina sura ya kibiashara leo. Vikundi vya vijana hukusanya taka nyumba kwa nyumba kwa ada ya kila wiki, huosha magari, huuza maji. Kikosi cha vijana 20 wenye nguvu wanaoaminiana tayari ni kikundi cha kazi, na mapato yakigawanywa kati ya mfuko wa timu na mfuko wa mchezaji, marupurupu hayasimami hata ligi ikisimama.

Nao wafadhili wa siasa wapo, na kuelekea uchaguzi huongezeka. Kombe huchezwa wiki mbili, jezi zenye picha hugawanywa, mbuzi huchinjwa. Hakuna ubaya kupokea jezi. Lakini jezi hailipi nauli ya Oktoba, na klabu ingefanya vyema kumwomba mfadhili wa aina hiyo alipie safari tatu za ugenini badala ya fainali moja yenye kipaza sauti. Mashindano yanayoandaliwa na kaunti zenyewe hayajaepuka lawama hiyo.

Kaunti inaweza nini

Katiba, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la shughuli na vifaa vya michezo. Hiyo inahusu viwanja, taa, vyoo, vyumba vya kubadilishia nguo, mafunzo ya makocha na marefa, na mashindano ya mashinani. Kuna kaunti ambazo zimekwenda mbali zaidi na kufadhili timu moja kwa moja, kama Vihiga ilivyofanya kwa Vihiga United. Kila shilingi ya namna hiyo lazima iwe katika bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huuliza ilitumikaje. Afisa wa kaunti hawezi kuchomoa pesa mfukoni mwa idara Ijumaa jioni kwa sababu gari limekosekana, hata kama yeye mwenyewe aliwahi kuichezea timu hiyo.

Kuna jambo linalozuia klabu nyingi hata kabla ya bajeti. Chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, klabu inatakiwa kusajiliwa na Msajili wa Michezo. Timu kadhaa za mitaani hazina usajili wowote, na nyingine zimesajiliwa kama vikundi vya kujisaidia tu. Bila cheti, timu inabaki kuwa watu 22 na mpira mmoja: haina jina la kuandikwa kwenye hundi wala kwenye mkataba wa uwanja. Kinachohitajika kuanza si kikubwa: katiba ya klabu, orodha ya viongozi waliochaguliwa na nakala za vitambulisho vyao, na kumbukumbu za mkutano uliowachagua. Mwenye shida ya kuandika katiba anaweza kumwona afisa wa michezo wa kaunti ndogo yake.

Kwa upande wa bajeti, wakati wa kusema ni mapema. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hutakiwa kuwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na mambo yasiyomo ndani yake huwa magumu kuingizwa baadaye. Makadirio ya bajeti yenyewe huwasilishwa kufikia Aprili 30. Katika vikao vya maoni ya umma vya wadi, hoja za barabara na maji huwa na watu wa kuzisemea, ilhali uwanja huachiwa kijana mmoja mwenye aibu nyuma ya chumba. Klabu zinazotaka uwanja wao utiwe ua, choo au bomba la maji ziandike ombi, zitie sahihi za wanachama, ziambatishe cheti cha usajili, na zilete nakala moja kwa msimamizi wa wadi na nyingine kwa afisi ya mwakilishi wa wadi kabla ya kikao.